Mbona Ripoti Haikutaja Ule Mnada?

Wengi wenu mlikuwapo gwarideni asubuhi ile ripoti ya misheni yetu ya Tanzania iliposomwa. Mlisikia kwamba tulivuka mpaka salama, tukahubiri siku tano, tukagawa nguo magunia matatu, kisha Mungu akatufungulia njia tukarudi nyumbani. Mkapiga makofi. Nami nilipiga, lakini moyoni nilikuwa najiuliza: mbona mnada hautajwi?

Naomba niueleze, maana bila huo mnada pengine tungali huko mlimani.

Tulisafiri likizo ya Agosti 2024, wanafunzi 14 na walimu 2. Tulitoka Voi alfajiri, tukapita Taveta, tukagongewa mihuri Holili. Njiani tulikuwa tumejaa majivuno, sisemi uongo. Mwenzetu mmoja (simtaji, anajijua) alisema ndani ya matatu kuwa tunawapelekea watu wa Kilimanjaro nuru. Lo! Kumbe wamisionari Walutheri kutoka Leipzig walifika Machame tangu mwaka wa 1893. Kijiji tulichokwenda kina kanisa la mawe kubwa kuliko jengo lolote la shule hii, kwaya tatu, na bendi ya tarumbeta ambayo ilitufanya tuone haya kuitoa ngoma yetu moja.

Masaibu yalianza Himo tulipokuwa tukibadilisha gari. Mkoba wa mweka hazina ukatoweka. Tulitafuta chini ya viti, juu ya gari, hadi kwa mama mwuza ndizi, wapi! Ndani mlikuwa na nauli ya kurudi na pesa za chakula, shilingi 18,000 za Kenya, kama laki tatu na nusu za kwao. Siku ya pili mwenzetu mwingine akashikwa na homa. Zahanati ikasema ni malaria, na yaelekea alitoka nayo huku kwetu. Halafu baridi! Sisi watu wa Voi tumezoea jua, tulikwenda na mashati mepesi kama tunaenda Mombasa. Usiku wa kwanza tulitetemeka hadi meno yakagongana. Usiku wa pili tulifungua gunia la msaada, tukavaa zile sweta tulizowapelekea maskini. Kwa hivyo yale magunia matatu ya ripoti, jamani, moja tulijigawia wenyewe.

Wenyeji walitugawana wawili wawili. Mimi nilichukuliwa na bibi mmoja mjane ambaye nyumba yake imezungukwa na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa. Alituachia kitanda chake. Yeye alilala jikoni na mjukuu. Kila asubuhi alipika mtori, akanituma nimpelekee mgonjwa wetu ungali moto. Na hapo ndipo mimi, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, mwenye alama nzuri za insha, nilipoaibika. Nilisema, "Bibi, nipe maji." Mjukuu wa miaka saba akanitazama akasema, "Dada, huwa tunasema naomba maji." Bibi akacheka sana, maji akanipa. Tangu siku hiyo nikisikia mtu hapa shuleni akisema "nipe chaki" nakumbuka kale katoto.

Jumapili ikafika. Kule, ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Vitu vilivyotolewa sadaka hupigwa mnada nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, mayai, parachichi, jogoo aliyefungwa miguu. Mchungaji alisimama akasema kwamba watoto wa Kenya wamepotewa na nauli, na kwamba mnada wa leo ni wao. Basi. Hakuhubiri zaidi ya hapo. Bibi yangu alinunua sahani ya mayai kwa shilingi elfu mbili, kisha akairudisha mezani iuzwe tena. Nikadhani amesahau. Kumbe ndivyo wanavyofanya! Sahani ile iliuzwa mara nne. Kijana mwendesha pikipiki alimnunua jogoo akaagiza apikiwe mgonjwa wetu. Kabla ya saa saba nauli ilikuwa imetimia, na ziada ya mikate ya njiani. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikiwa na sweta ya msaada mwilini, sijui nitazame wapi.

Sasa, kwa nini jambo hili likafichwa? Naelewa kidogo. Wazazi walichanga, na mzazi akisikia pesa ziliibwa hatachanga tena. Pia ni aibu kwenda kusaidia ukasaidiwa. Lakini mimi naona kuficha ndiko aibu yenyewe. Tulisema Mungu alifungua njia tukanyamaza juu ya mikono aliyoitumia, hali mikono ile ina majina na mingine ina sugu za jembe.

Tena si sisi wa kwanza. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga papo hapo. Alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka wa 1848, alipofuka macho, na aliporudi Ulaya mwaka wa 1875 alisindikizwa na Isaac Nyondo wa Rabai. Je, tuwafute kadhi na Nyondo ili wamisionari waonekane wakubwa?

Wapo wanaosema misheni ivunjwe kwa sababu ya wizi. Wapo wanaosema twende tena, safari hii na magunia sita. Nawapinga wote wawili. Maoni yangu ni kwamba tuwaalike wao waje kwetu, bendi yao ije, na siku watakapofika ripoti isomwe upya mbele yao, mnada ukiwamo.

Nimeambiwa haiwezekani kwani sisi ni shule ya kutwa, hatuna mabweni. Ati mabweni! Kwani kule tulilala bwenini?

Nimemwuliza mama nyumbani. Nyumba yetu ni vyumba viwili, na mfereji wetu mnaujua, maji huja yakipenda. Mama alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua mchicha, kisha akasema, "Mwambie huyo bibi aje. Wewe utalala mkekani." Kamati ya chama inakutana Ijumaa baada ya masomo. Karatasi ya kuandikisha nyumba za kupokea wageni imebandikwa ubaoni karibu na maktaba, na kufikia leo ina jina moja tu.