Mlezi wa mtoto mwenye ulemavu apewe ujuzi na saa za kupumzika

Novemba 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 28 ya mkataba huo inataja waziwazi misaada ambayo nchi inapaswa kuzifikishia familia maskini zinazoishi na ulemavu: mafunzo, ushauri nasaha, fedha na huduma ya kumpumzisha mlezi. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ni zaidi ya muongo sasa, na kwa familia nyingi mafunzo na pumziko bado ni bahati ya anayeishi jirani na kituo cha shirika la hisani au cha kanisa.

Tunaandika juu ya mambo hayo mawili kwa sababu ndiyo yanayosahaulika zaidi, na kwa sababu halmashauri zetu zinaweza kuyaanza sasa.

Tunawasemea wazazi na walezi wa watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo, sindromu ya Down, ulemavu wa akili, na kifafa ambacho mara nyingi huandamana na hali hizo. Si wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health ulikadiria kuwa mwaka 2016 watoto wapatao milioni 53 wenye umri chini ya miaka 5 duniani walikuwa na ulemavu wa ukuaji, na kati ya kila 100, watoto 95 waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Baadhi ya sababu zinajulikana vizuri katika wodi zetu: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo iliyochelewa kutibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Wauguzi na madaktari hupigana usiku na mchana kuokoa watoto hawa, na tunawashukuru. Lakini mtoto aliyeokolewa hurudi nyumbani, na huko anapokelewa na mtu mmoja, mara nyingi mama, ambaye hakuna aliyemfundisha namna ya kumlea.

Tutazame kulisha tu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hupata shida ya kutafuna na kumeza. Akilishwa uji huku amelazwa chali, uji huweza kuingia kwenye njia ya hewa. Anapaliwa, anapata nimonia, na wapo wanaokufa. Akikalishwa wima, kichwa kikiinama kidogo mbele, akapewa kijiko kidogo na kusubiriwa ameze kabla ya kupewa kingine, hatari hiyo hupungua. Somo hilo halihitaji mashine wala dawa. Linahitaji mtu anayelijua akae na mama wakati wa kulisha, amwonyeshe, kisha arudi siku nyingine kuona anavyoendelea.

Ndivyo ilivyo kwa mengine. Mtoto akianguka kifafa, majirani hukimbilia kijiko wamtie mdomoni. Mzazi aliyefundishwa humlaza ubavu, huondoa vitu vigumu karibu naye, na hamkatishii dawa kwa kuwa tu mwezi mzima umepita bila kuanguka. Mtoto mwenye usonji akipiga mayowe sokoni, watu husema hana adabu, na mama aliyekwisha kuona aibu humchapa. Mzazi aliyefundishwa hutafuta kilichotangulia mayowe yale: kelele nyingi, njaa, joto, au njia waliyozoea kupita kubadilishwa. Hutumia maneno machache. Humpa mtoto vitu viwili achague kimoja. Humzoesha kuonyesha kwa kidole anachokitaka, na siku mtoto anapoweza kusema haja yake, hata kwa ishara, mayowe huanza kupungua.

Mafunzo humkinga mzazi na hasara pia. Familia nyingi huuza mbuzi, hukopa na kuzunguka kwa waganga na wahubiri zikitafuta anayeahidi kwamba mtoto ataamka mzima. Mzazi aliyeelezwa ukweli mapema, kwa upole na kwa lugha anayoielewa, hutumia fedha zake kwenye nauli ya mazoezi, chakula na dawa za kifafa. Mafunzo humkinga mama na lawama vilevile. Wapo akina baba waliokimbia nyumba zao wakiamini kwamba mtoto ni mkosi ulioletwa na ukoo wa mke. Kwa hiyo baba, bibi na shangazi nao waitwe kwenye mafunzo. Yakimhusu mama peke yake, yatamwongezea mzigo.

Mtaala wa kuanzia upo. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Yamepangwa yafundishwe na watu wa kawaida waliopata maandalizi, bila kungoja daktari bingwa afike wilayani, na vitabu vyake vinapatikana bure. Yanamfundisha mlezi kucheza na mtoto, kuwasiliana naye, kupunguza tabia zinazomuumiza, kumzoesha kazi ndogondogo za nyumbani, na kujitunza yeye mwenyewe. Ethiopia na Kenya, huko Kilifi, wamekwisha kuyafanyia kazi.

Watu wa kuyafundisha nao wanaandaliwa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikia kila kitongoji na mtaa. Hatuoni sababu ya mhudumu huyo kufundishwa lishe, chanjo na malaria, halafu apite mlango wa nyumba yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo bila la kusema. Aongezewe somo hili, na hospitali ya wilaya iwe na mtaalamu wa mazoezi tiba wa kumsimamia.

Mafunzo pekee hayatoshi, kwa sababu mwili wa mlezi una mwisho. Kijana wa miaka 12 asiyetembea hubebwa kwenda chooni, kuogeshwa, kugeuzwa usiku asipate vidonda. Mtoto mwenye usonji asiyelala humkeshesha mama yake, naye asubuhi ana kazi zake. Mama huyo haendi msibani, haendi kliniki mwenyewe, haendi shamba la mbali. Pale anapolazimika kwenda, dada wa mtoto huachishwa shule akae naye. Wapo wanaowafungia watoto ndani au kuwafunga kamba hadi jioni. Kumfunga mtoto ni hatari na ni ukatili, na lazima ukome. Lakini utakoma haraka zaidi kama afisa ustawi wa jamii, anapobisha hodi, atakuwa na mahali pa kumwelekeza mama amwache mwanawe salama.

Hapa sera zetu zina pengo kubwa. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Ni sera nzuri. Ila mkopo hurejeshwa kwa kufanya kazi, na kazi huhitaji saa. Mlezi asiye na mtu wa kumwachia mtoto hata nusu siku atafanya biashara gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya malipo ya siku zisizopungua 4 mtoto anapougua, lakini muuza mboga, mama lishe na mkulima hawana mwajiri wa kuwapa likizo hiyo, na ulemavu hauishi kwa siku 4.

Tunaposema pumziko tunamaanisha jambo la kawaida kabisa: mlezi anajua kwamba kila Jumamosi, au mchana wa siku mbili kwa wiki, mtoto wake atakuwa mahali salama na watu wanaojua kumlisha, kumsafisha na kucheza naye. England, sehemu ya Uingereza, ina kanuni za mwaka 2011 zinazozilazimu serikali za mitaa kutoa mapumziko ya aina hiyo. Sisi tunaweza kuanza na tulichonacho. Shule za msingi zenye vitengo vya elimu maalumu hufungwa Jumamosi na wakati wa likizo. Vyumba vyake vifunguliwe, na wasaidizi walipwe posho. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imehimiza vituo vya kulea watoto katika jamii. Vituo hivyo visimkatae mtoto kwa sababu havai nguo mwenyewe au hasemi. Na wazazi wenyewe, waliokwisha kuzoea kuaminiana katika vikoba, wakisaidiwa chumba, magodoro na mafunzo, wanaweza kupeana zamu za kulea.

Tuna masharti mawili. La kwanza ni usalama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la The Lancet ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu hupata ukatili karibu mara 4 zaidi ya wenzao, na asiyeweza kusema hawezi kushtaki. Kila anayewalea achunguzwe kwanza, asiachwe peke yake na mtoto, na ustawi wa jamii wakague bila kutoa taarifa. La pili, pumziko lisigeuke mlango wa kuwaondoa watoto majumbani. Mtoto aende na arudi kwao. Lengo ni mama abaki na nguvu za kumlea mwanawe, na mtoto abaki na mama yake.

Watakuwepo watakaosema kwamba kwetu Afrika mtoto ni wa ukoo, na mambo ya vituo ni ya Wazungu. Tunaheshimu ukoo; bila bibi na shangazi wengi wa watoto hawa wasingekuwa hai. Lakini bibi amezeeka, shangazi yuko Mwanza na mama amepanga chumba Mbagala. Jirani mwema naye huogopa kumshika mtoto anayeanguka kifafa, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha la kufanya. Mafunzo haya yatampa jirani ujasiri wa kuwa ndugu.

Watakuwepo pia watakaosema fedha hazipo. Tunawajibu kwamba gharama inalipwa hata sasa, ila haiandikwi popote: katika mtoto anayelazwa hospitali kwa nimonia, katika binti aliyeacha shule, katika mama ambaye mgongo umemwisha akiwa na miaka 35, katika ndoa zilizovunjika. Anayelipa yote hayo ni yule asiye nacho.

Kwa hiyo tunasema hivi. Wizara ya Afya iingize mafunzo ya walezi katika kazi za wahudumu wa afya ngazi ya jamii. TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, iagize kila halmashauri ifungue angalau kituo kimoja cha pumziko katika mwaka mmoja wa fedha, kisha iongeze. Kamati za watu wenye ulemavu, ambazo sheria ya mwaka 2010 inazitaka kuanzia kijijini, ziandikishe familia hizi nyumba kwa nyumba na zipewe sauti ya kusema huduma iwe vipi. Viongozi wa dini wahubiri wazi kwamba ulemavu wa mtoto si laana ya mtu yeyote.

Siku ya usonji huadhimishwa Aprili 2, na ya watu wenye ulemavu Desemba 3. Hotuba za siku hizo zina maana, lakini mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, na bajeti ya halmashauri hupita mikononi mwa madiwani miezi kadhaa kabla. Msomaji, mfuate diwani wako mapema umuulize swali moja: katika bajeti ijayo, kifungu cha mafunzo na pumziko kwa walezi wa watoto wenye ulemavu kipo ukurasa wa ngapi, na kina shilingi ngapi? Kama hakipo, mwambie akiweke.