Kompyuta Kuukuu na Modemu Yake

Wako wazazi waliojibana wakamnunulia mtoto kompyuta kuukuu apate kusomea nyumbani, pamoja na modemu ile ndogo ya kuchomeka, yenye laini ya simu ndani yake. Haupiti mwezi, manung'uniko yanaanza: "Baba, intaneti haiendi. Tununue bando kubwa zaidi." Msikimbilie dukani. Bando la megabaiti huongeza kiasi cha kutumia, wala haliongezi mwendo. Yafaa kwanza kutafuta mahali palipoziba.

Toeni laini katika modemu, itieni katika simu ya kisasa, mkae palepale ilipo kompyuta, mfungue ukurasa uleule. Simu ikifungua upesi, mnara hauna kosa. Tazameni modemu au kompyuta yenyewe. Simu nayo ikikawia, basi shida ni mawimbi.

Na adui wa mawimbi katika nyumba zetu ni bati. Mawimbi ya simu hayapenyi bati. Huingia zaidi kwa madirisha na milango. Kompyuta ikiwekwa chumba cha ndani, kwa kuogopa wezi au vumbi, modemu hubaki kama mtu aliyezibwa masikio. Kompyuta ikae papo hapo, lakini modemu ipewe waya wa USB wa kurefushia, usiozidi meta 5, ipelekwe dirishani upande wa mnara. Isogezeni polepole mkitazama alama za mawimbi, maana hata hatua moja huleta tofauti. Mkiona modemu inarukaruka kati ya 2G na 3G, ingieni katika programu yake mchague 3G peke yake, ikiwa mnara wenu unayo. Jioni watu wengi hugawana mnara mmoja. Kazi nzito ingoje alfajiri.

Sasa kompyuta. Mashine za miaka ya 1990 mwishoni zina matundu ya USB ya kwanza, yasiyopitisha zaidi ya megabiti 12 kwa sekunde. Modemu iliyoandikwa 21 ukiichomeka humo, unalipia mwendo usioweza kuupata. Matundu ya USB 2.0, yaliyokuja mwaka 2000, hupitisha hadi 480, nayo yatosha.

Tena mara nyingi modemu husingiziwa bure. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 hulemewa na kurasa za siku hizi. Hata data ikifika, mashine inahema tu. Fungueni ukurasa mmoja mmoja, au ongezeni kumbukumbu, ikiwa mashine inakubali.

Jambo jingine dogo, linalozua ugomvi madukani: mwendo huhesabiwa kwa megabiti, faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa mwendo wa megabiti 4, kitabu cha megabaiti 16 huchukua nusu dakika na kitu, si sekunde nne. Muuzaji hakuwaibia.