Maonyesho Yakiisha, Nani Anapiga Simu?

Kila balozi wa Tanzania anayeapishwa Ikulu huagizwa kazi moja kabla ya nyingine zote: diplomasia ya uchumi. Agizo lenyewe si geni. Limo katika Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, na toleo jipya la sera hiyo, lililozinduliwa Mei 2025, limelikazia na kuongeza Kiswahili na diaspora. Sera tunaijua. Tunachotaka kujua ni afisa wa ubalozi akiingia ofisini Jumatatu asubuhi anaanza na lipi.

Kinachoonekana zaidi ni maonyesho: banda, bendera, vipeperushi vya Serengeti, kahawa ya kuonja, ngoma kidogo, kisha picha mtandaoni. Hatuyabezi. Mwaka 2025 Tanzania ilikuwa na banda Osaka, kwenye Expo, na mnunuzi hanunui asichokiona. Ila mnunuzi huyo hurudi kwake na sampuli mkononi na maswali kichwani: kontena ni kiasi gani, cheti cha afya ya mimea anatoa nani, mzigo ukikwama bandarini ampigie nani. Hapo ndipo kazi ya ubalozi inapoanza, na hapo ndipo mara nyingi simu haipokelewi.

Tubaki Japani, maana hakuna nchi inayotufunza somo hili vizuri zaidi. Kule jina la Kilimanjaro ni la kahawa kabla ya kuwa la mlima. Linauzwa madukani, migahawani, hata kwenye makopo ya mashine za barabarani. Kwa kanuni za lebo za Japani, arabika ya Tanzania huruhusiwa kuitwa Kilimanjaro hata kama imevunwa Mbinga au Mbozi, mamia ya kilomita kutoka Moshi. Isiyoruhusiwa ni ya Bukoba. Kanuni hizo hizo zinataka mchanganyiko unaobeba jina la kahawa fulani uwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Maana yake pakiti inaweza kuitwa mchanganyiko wa Kilimanjaro huku sehemu kubwa ya ndani ikitoka nchi nyingine kabisa. Na sisi tunapeleka kahawa ghafi. Kukaanga, kusaga na kufungasha, ambako ndiko kwenye faida, kunafanyika huko huko.

Jina kubwa namna hiyo halikujengwa na ubalozi, na haki ya kulitumia haiko mikononi mwetu. Ethiopia ilikumbana na jambo kama hilo Marekani. Mwaka 2005 iliomba kusajili huko majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama alama zake za biashara, ikavutana na Starbucks, na mwaka 2007 pande hizo mbili zikatia saini makubaliano. Hiyo ni kazi ya wanasheria, watu wa biashara na wanadiplomasia wakivuta kamba upande mmoja, miaka miwili, bila ngoma.

Ethiopia hiyo hiyo inatuonyesha na upande wa pili. Japani ilikaza sheria zake za mabaki ya viuatilifu kwenye chakula mwaka 2006. Kwa kiuatilifu kisichowekewa kiwango chake, ukomo ni sehemu 0.01 kwa milioni. Mwaka 2008 mabaki yaligunduliwa kwenye kahawa ya Ethiopia na mauzo yake Japani yakaporomoka. Ethiopia ilieleza kuwa lawama ni ya magunia, wala si ya shamba. Magunia! Mwambata wa uchumi anayestahili mshahara wake ni yule anayesoma tangazo la wizara ya afya ya Tokyo siku linapotoka na kulifikisha kabla ya msimu kwa Bodi ya Kahawa Moshi, kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kwa chama cha ushirika ambacho tayari kimeshanunua magunia yake.

Utamaduni nao usiachwe kuwa burudani ya wageni waalikwa. Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, balozi zetu huadhimisha kwa hotuba na pilau. Hapa nyumbani tarehe hiyo ni Sabasaba, siku ya watu kwenda kununua na kuuza, kwa hiyo hakuna sababu ya kutenganisha lugha na biashara tukifika ughaibuni. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama fani ya shahada. Wahitimu wake wanajua Kijapani kwa kuzaliwa na Kiswahili kwa kusomea. Ubalozi unaohangaika kutafuta mtu wa kuongea na wakaangaji wa kahawa una watu hao karibu. Uwaajiri, hata kwa mkataba mfupi. Michoro ya Tingatinga nayo ina wapenzi wengi nchini humo, na mchoraji wa Oysterbay angefaidika zaidi na mtu wa kumlindia hakimiliki yake kuliko na onyesho jingine.

Kwenye ubunifu tusijidanganye. Uswisi ilifungua ofisi ya sayansi na teknolojia Boston mwaka 2000. Denmark ilituma balozi kwa makampuni ya teknolojia ya California mwaka 2017. Hatuna fedha za hayo. Kijana wa Dar es Salaam mwenye programu ya kuuza anahitaji barua ya utambulisho na miadi mitatu ya maana. Hilo ubalozi wowote unaliweza leo.

Tunapendekeza Wizara ya Mambo ya Nje ichapishe kila mwaka, kwa kila ubalozi, taarifa ya ukurasa mmoja: wanunuzi wangapi walifuatiliwa hadi mzigo ukasafiri, vikwazo vipi viliondolewa, na vipi vimeshindikana. Idadi ya maonyesho isihesabiwe. Waambata wa uchumi watoke Bodi za Mazao na TanTrade, si wizarani tu, na wasihamishwe wakiwa ndiyo kwanza wamezoeana na wanunuzi. Kamati ya Bunge iwahoji kwa taarifa hiyo. Kwa Tokyo tungeomba swali la kwanza liwe hili: mkulima wa Bukoba, ambaye arabika yake imeachwa nje ya jina la Kilimanjaro, ubalozi umemtafutia jina gani?