Mdogo Wangu Amezaliwa Mara Mbili

Mdogo wangu alizaliwa Turiani, Novemba 2001, usiku wa mvua za vuli. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Machi 2004. Tarehe ya kwanza iliandikwa na nesi kwenye kadi ya kliniki. Ya pili niliiandika mimi.

Nalisema hili mapema ili msomaji asinikute mbele ya safari nikiwanyooshea wengine kidole, akauliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mkekani na kalamu ya bluu mkononi, kwa sababu nyumbani kwetu mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Watu wa mbali hutuweka chini ya Uluguru kwa kuwa tuko Mkoa wa Morogoro, lakini milima inayotutazama sisi ni ya Nguru. Ukitoka Morogoro mjini unapita Dakawa, unaiacha barabara ya Dodoma pale Magole, halafu miwa inaanza. Msimu wa kuchoma miwa, majivu meusi hudondoka juu ya nguo zilizoanikwa na hakuna mama anayegombana nayo, maana ndiyo yanayolipa ada. Na katikati ya miwa kuna mpira. Nilizaliwa 1999, mwaka ambao Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda chetu, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mwaka 2000 ikautwaa tena. Mwaka 2018 ikachukua Kombe la Shirikisho. Mwaka 2024 ilishuka daraja, na 2025 ikapanda tena. Mtoto wa Turiani hahitaji kuhadithiwa kwamba mpira unaweza kumtoa mtu shambani. Mwaka 2016 Simba iliwachukua kutoka Mtibwa Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim, wote kwa msimu mmoja. Watoto wa Madizini walikuwa wanayataja majina hayo kama watu wanavyotaja majina ya wajomba.

Kwa hiyo alipokuja msaka vipaji, mwaka 2019, alikuta shamba limeshalimwa.

Alikuja Julai. Miezi mitatu nyuma Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Serengeti Boys walifungwa mechi zote tatu, lakini nyumbani tulizitazama zote, na mdogo wangu alihesabu kwa vidole. Ili kucheza mashindano yale ilibidi uwe umezaliwa kuanzia Januari mosi 2002. Yeye alikosa kwa miezi miwili. Nakumbuka alivyocheka, akasema, "Dada, mama angevumilia kidogo tu."

Msaka vipaji alivaa trakisuti, alikuwa na filimbi na daftari, na alisema anatoka kwenye kituo kimoja cha Dar es Salaam. Sitakitaja. Kila mtoto alitoa shilingi elfu kumi ya kushiriki majaribio. Walifika zaidi ya mia moja, wengine wametembea tangu alfajiri, wengine wameazimana njumu, mmoja anacheza kipindi cha kwanza na mwenzake anazivaa kipindi cha pili. Kila kundi lilipewa dakika kama kumi na tano. Jua lilipozama aliita majina sita. Wote sita walikuwa warefu.

Jioni alikuja nyumbani, akanywa chai, akamwambia mama kwamba kijana ana mguu, ana akili ya mpira, ila umri umekwenda. "Mama, huyu kwa 2001 hauziki. Tukimpa 2004 atafika mbali." Alisema "tukimpa" kama mtu anayempa mtoto nguo mpya. Na mwaka mpya ulihitaji karatasi mpya. Jirani yetu alikuwa na kijana aliyemaliza darasa la saba bila kuendelea na shule, cheti chake kimelala kabatini. Kilichukuliwa kile, na jina lake, na tarehe yake. Mama aliuza magunia mawili ya mpunga kulipia kile kilichoitwa ada ya kituo. Mimi nikajaza fomu.

Mtu mmoja tu alipinga. Ni mzee aliyekuwa anafundisha timu ya watoto pale mchangani tangu mimi niko darasa la tatu, bila mshahara, mipira anashona mwenyewe. Alisema, "Mwacheni aendelee kubisha hodi Manungu, vijana wa Mtibwa wanatazamwa mwaka mzima, sio siku moja." Tulimwona mzee anaona wivu. Nasi tulikuwa na haraka.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Kile tunachokiita kusaka vipaji, kwa namna kinavyofanyika katika viwanja vingi vya vumbi, si kusaka vipaji. Ni mnada. Na katika mnada mnunuzi hatazami ndama atakuwaje baada ya miaka mitano. Anatazama uzito wa leo.

Ninasoma demografia, shahada ya uzamili. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kugundua watu wanadanganya wapi kuhusu umri. Wiki ya kwanza tulifundishwa kwamba katika sensa watu hujazana kwenye umri unaoishia na sifuri na tano, kwa kuwa wengi hawajui walizaliwa lini hasa, wanakadiria. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka.

Baadaye nikakutana na habari ya mbali kabisa na miwa. Katika mji wa Lethbridge, Kanada, miaka ya 1980, mwanasaikolojia Roger Barnsley alikwenda na mkewe kutazama mechi ya vijana ya hoki, ile inayochezwa juu ya barafu. Mkewe alikuwa anasoma kijitabu cha mechi chenye tarehe za kuzaliwa za wachezaji, akaona kitu cha ajabu: wengi wamezaliwa Januari, Februari na Machi. Walipochunguza ligi kubwa za vijana wakakuta hali ni hiyohiyo, na mwaka 1985 wakachapisha matokeo. Sababu haikuwa nyota wala maziwa. Mpaka wa umri katika hoki ya Kanada ni Januari mosi. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wanawekwa kundi moja, na katika umri wa miaka tisa au kumi miezi kumi na moja ni mwili mwingine kabisa. Msaka vipaji anamwona aliyekomaa mapema, anadhani ameona kipaji. Anampeleka kwenye timu nzuri, kwa kocha mzuri, na mazoezi mara mbili zaidi. Baada ya miaka mitano kweli ana kipaji. Yule wa Desemba amerudi nyumbani.

Angalia basi. Kule kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa, wasaka vipaji wanalipwa na wanarudi kutazama mechi baada ya mechi, na bado macho yao yalidanganywa na miezi michache. Hapa kwetu mtu mmoja anatazama watoto mia kwa siku moja, hana kumbukumbu yoyote ya umri wao, kisha anatuambia ana jicho. Jicho gani? Jicho lake linaona urefu. Na kwa kuwa linaona urefu, sisi wenye watoto tunajifunza haraka soko linataka nini: mwili wa miaka kumi na minane wenye karatasi ya miaka kumi na mitano. Tunakitengeneza.

Anayeumia kwanza hata si mdogo wangu. Ni mtoto aliyekuwa na miaka kumi na mitano ya kweli siku ile, mfupi, mwenye pasi safi, ambaye hakuitwa kwa sababu alisimama pembeni ya watu wazima wenye vyeti vya watoto. Huyo hakudanganya. Huyo hatumjui jina, na hatutamjua.

Najua majibu. La kwanza: kila mtu anafanya. Ni kweli kwamba hatuko peke yetu. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika nchini Gambia, wakaondolewa baada ya kubainika kwamba mchezaji aliyezidi umri alichezeshwa, na Zimbabwe ikaenda badala yetu. Kuelekea mechi za kufuzu za 2023, Kamerun iliwapima vijana wake 30, na 21 wakashindwa. Lakini kusema kila mtu anafanya ni kusema kila mtoto anaibiwa, halafu ukaishia hapo.

Jibu la pili: siku hizi kuna kipimo. FIFA ilianza kutumia MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, nchini Nigeria. Kinapigwa kwenye kifundo cha mkono, na mfupa ukionekana umeshaungana kabisa, kijana anaachwa. Vizuri. Lakini kipimo hicho kinamngoja mtoto mwisho wa njia, akiwa ameshauza mpunga wa mama yake na kubadili jina. Pale Madizini hapakuwa na MRI. Palikuwa na mimi na kalamu. Na anayeshindwa kipimo ni kijana. Sijasikia mfupa wa msaka vipaji ukipimwa.

Jibu la tatu ndilo zito, na mama yangu ndiye aliyelisema: maskini hana muda. Mtoto wa tajiri akikosa mpira ana shule, mtoto wa mkata miwa akikosa mpira ana panga. Siwezi kulipuuza hilo nikiwa nimeketi maktaba. Ila namuuliza mama, na namuuliza kila mzazi, kwa upole: ile miaka tuliyompunguzia, aliipata nani? Sisi tulilipa magunia mawili. Kituo kilipata kijana mwenye nguvu wa kuwaonyesha wanunuzi. Msaka vipaji alipata chake mapema, elfu kumi mara zaidi ya mia. Hata hesabu za dunia zilitupita. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka wa umri wake wa 12 hadi wa 23. Ili ulipwe lazima uwe na klabu iliyosajiliwa na kijana mwenye jina lake mwenyewe. Yule mzee wa mipira ya kushona hana klabu iliyosajiliwa, na jina alilomfundishia mdogo wangu lilishafutwa. Angefika hata Ulaya, mlezi wake asingeonekana popote.

Na kulikuwa na njia nyingine. Dickson Job alikuwa nahodha wa Serengeti Boys kule Gabon mwaka 2017, akacheza timu ya wakubwa ya Mtibwa, na Januari 2021 akaenda Yanga. Ni ngazi ndefu, na wengi huanguka. Lakini ni ngazi inayoanzia palepale Manungu, na anayekutazama leo atakutazama kesho, ataona kama umekua.

Mdogo wangu alikaa Dar es Salaam miaka miwili. Goti likaumia, kituo kikampa nauli. Alirudi na begi na jina la mtu mwingine, maana alipotimiza miaka ya kuandikishwa kitambulisho cha taifa aliandikishwa kwa karatasi zilizokuwepo. Mwaka jana kijana wa jirani, mwenye cheti chake, alitaka kwenda kusoma ufundi. Akaambiwa mtu huyo ameshaandikishwa. Sasa vijana wawili wa kitongoji kimoja wanagawana jina moja, na mama zao, waliokuwa wanaazimana chumvi, wanasalimiana kwa mbali.

Ninachodai si kikubwa. Majaribio ya kulipia yapigwe marufuku: anayetaka kutazama watoto atoe nauli yake. Msaka vipaji asajiliwe, ajulikane kwa jina, na kituo kinachochukua mtoto kimchukue na rejista ya darasa la kwanza ya shule yake, siyo karatasi iliyoletwa siku hiyo. Mtoto atazamwe zaidi ya mara moja, na mwaka unaofuata atazamwe tena. Umri ukighushiwa, adhabu ianze kwa mtu mzima aliyeshika kalamu. Na serikali iendelee kuandikisha watoto wanapozaliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta watoto 16 tu kati ya 100 walio chini ya miaka mitano ndio waliokuwa wameandikishwa. Watoto hao hasa ndio wanaopita leo kwenye majaribio. Aliyezaliwa bila kuandikwa anaweza kuandikwa na yeyote.

Nimeuliza namna ya kurekebisha. Inaanza na kiapo mbele ya wakili, kueleza kweli ilivyokuwa. Mdogo wangu amekataa mara mbili. Anaogopa kwamba nitaulizwa kuhusu mwandiko.

Likizo hii nakwenda nyumbani. Kadi ya kliniki mama bado anayo, imeliwa na mende pembeni lakini tarehe inasomeka. Nimemwambia tutakwenda pamoja na kijana wa jirani, na kwamba wa kwanza kuapa nitakuwa mimi.