Anayeuliza si Adui wa Maendeleo



Katika vikao vyetu, viwe vya halmashauri ya parokia, vya ushirika au vya ofisini, mara nyingi mwenzetu huleta wazo jipya, naye akihojiwa huona ametukanwa. Wengine, kwa kuogopa kuitwa wapinga maendeleo, hunyamaza kikaoni na kunung'unika njiani. Madhara ya tabia hiyo tumeyaona katika historia ya delta yetu ya Rufiji.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing ilileta wazo la kufuga kamba katika mabwawa, kwenye eneo lipatalo hekta 10,000. Lilikuwa wazo kubwa, na wapo waliotumaini ajira. Lakini delta hii ina msitu wa mikoko wa hekta zaidi ya 50,000. Kamba wachanga hukulia humo, na maelfu ya watu huishi kwa kuvua na kulima mpunga. Kwa hiyo maswali yaliulizwa: maji machafu ya mabwawa yataelekea wapi? Wenye mashamba watakwenda wapi? Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Hata hivyo, mwaka 1997 Serikali iliuridhia. Wananchi wa delta wakafungua kesi Mahakama Kuu, na mwishowe mradi haukujengwa.

Hatusemi kwamba kila wazo la mgeni ni baya. Tunasema kwamba hoja ikifungiwa mlango kikaoni hutafuta mlango mwingine, nao huwa na gharama kubwa kwa wote, hata kwa mwenye wazo.

Basi tufanyeje? Mwenye wazo asilifanye kuwa heshima yake. Akosolewapo, asikimbilie kujitetea, aulize kwanza, "Ndugu, unaona hatari gani?" Mtu wa Mbwera ajuaye maji ya bamvua hufika wapi ana elimu isiyopatikana katika ramani.

Naye mkosoaji ana wajibu wake. Aliseme wazo, asimseme mtu. Atoe sababu na, akiweza, njia iliyo bora. Yethro alipomwona Musa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, alimwambia waziwazi kwamba hafanyi vema. Lakini hakuishia hapo: alimshauri achague wasaidizi waaminifu. Musa, ingawa alikuwa kiongozi mkuu, alisikia (Kut. 18).

Mzigo mkubwa zaidi uko kwa mwenyekiti. Pingamizi liandikwe katika muhtasari na lijibiwe kabla ya uamuzi, hata likitoka kwa kijana au mama aliyeketi nyuma. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote. Haukuwekwa ili wachache waseme na wengi wapige makofi.

Tuyaanze haya katika jumuiya zetu ndogo ndogo, kisha tuyapeleke katika mikutano ya vijiji tunamoishi na ndugu zetu Waislamu. Kuuliza si ujinga, wala si uasi. Kikao kijacho, kabla ya kupitisha jambo, tuulize: ni nani hapa ambaye bado hajasema?