Miaka 25 ya Kusubiri Mount Laurel

Mwaka 2024 zaidi ya miji 20 ya jimbo la New Jersey, Marekani, ikiongozwa na Montvale, ilikwenda mahakamani kutaka sheria mpya ya nyumba za gharama nafuu isimamishwe. Januari 2025 jaji akakataa kuweka zuio. Alifanya vyema. Kinachoudhi ni viongozi wa miji hiyo kuendelea kulalamika kwamba jimbo linawaonea.

Chini ya sheria hiyo kila mji una fungu lake la nyumba za watu wa kipato cha chini na cha kati kwa kipindi cha 2025 hadi 2035, na ulitakiwa kupitisha mpango kufikia Juni 30, 2025. Mji usiotii unapoteza kinga: mjenzi anaweza kuushtaki, na mahakama ikamruhusu kujenga nyumba nyingi kuliko kanuni za mji zinavyoruhusu.

Wapinzani wanasema madarasa yatafurika, barabara zitasongamana, na kwamba wakazi ndio wanaoujua mji wao. Sawa. Ndiyo maana mji wenyewe umeachiwa kuchagua nyumba zijengwe wapi.

Wasilolizungumza ni muda. Ethel Lawrence alikuwa mwanamke mweusi ambaye ukoo wake uliishi Mount Laurel, mji mmojawapo wa jimbo hilo, vizazi kwa vizazi. Mwaka 1970 mji ulikataa kubadili kanuni ili zijengwe nyumba 36 za kupangisha ambazo watu kama yeye wangezimudu. Lawrence na wenzake wakafungua kesi, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba ni marufuku mji kutumia kanuni za ardhi kuwafungia maskini mlango. Mji ukajibu kwa kutenga vipande vichache vya ardhi vigumu kujengwa. Mahakama ikalazimika kurudia uamuzi huo mwaka 1983. Mwaka 1985 bunge la jimbo likaunda baraza la kusimamia suala hilo, na likaruhusu mji kuulipa mji mwingine ubebe hadi nusu ya fungu lake. Mlango huo wa nyuma ulifungwa mwaka 2008 tu. Baraza lenyewe likashindwa kutunga kanuni mpya halali tangu zile za zamani zilipoisha mwaka 1999, mpaka mwaka 2015 mahakama ikalichukua tena jukumu hilo.

Lawrence alifariki mwaka 1994. Wapangaji wa kwanza waliingia katika nyumba 140 zenye jina lake mwishoni mwa mwaka 2000, miaka 25 baada ya kushinda kesi. Aliyeshinda hakuishi kuona ushindi wake, kwa sababu hukumu ya 1975 haikuweka adhabu kwa mji unaochelewa, na kila ahirisho liliunufaisha mji.

Halafu mnaomba muda zaidi? Wa kuchunguza nini? Mtafiti Douglas Massey na wenzake walishauchunguza mtaa wa nyumba hizo za Lawrence, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo: uhalifu haukuongezeka kwa sababu yake, kodi hazikupanda, na thamani ya nyumba za majirani haikushuka. Mji uliovuka tarehe bila mpango na upoteze kinga yake, na mjenzi aruhusiwe kuanza kazi.