Kuuliza Ndiko Kusomesha

Walimu wengi, wala sisemi kwa dharau maana kazi yao ni nzito na ujira wake haba, hudhani ya kuwa mwanafunzi aliyeketi kimya akanakili ubao mzima kwa hati nzuri amekwisha kulipokea somo, na kwamba akilisahau baada ya juma moja taksiri ni yake. Ilhali wataalamu wa akili na ubongo wametuwekea dalili za kutosha kwamba taksiri hiyo aghalabu ni ya mpango wetu wenyewe.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1885, alieleza jinsi alivyojihifadhisha silabi zisizo na maana, akakuta ya kuwa baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya jitihada yake imekwenda bure, na baada ya siku moja yapata thuluthi mbili. Basi kusahau si utovu wa adabu; ndiyo tabia ya ubongo. Naye Eric Kandel, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2000, alimchunguza konokono wa baharini, akabainisha kwamba kumbukumbu ya kitambo hutosheka na kuongezeka nguvu kwa viungo vilivyopo baina ya chembe za neva, lakini ile ya kudumu huhitaji protini mpya na viungo vipya, navyo huota kwa mafunzo yanayorudiwa na kupumzishwa, si kwa kushindiliwa yote kwa mkupuo mmoja.

Lakini turudieje? Hapo ndipo penye siri. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi habari waisome, kisha baadhi wakaisoma tena, na wengine wakatakiwa kuiandika kwa kumbukumbu pasipo kuitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yakageuka, wakawa nyuma. Ndiyo maana kijana akeshaye na daftari usiku wa kuamkia mtihani hughururika, akadhani anajua kwa kuwa maneno hayamwii tena mageni.

Wazee wetu wa chuo cha Kurani hawakuzisoma habari hizi, ila desturi yao ya kumtaka mtoto asome kwa moyo somo la jana kabla ya kupewa la leo ilikuwa na hekima kubwa. Bakora yao siitetei kamwe, kwani mtoto mwenye hofu akili yake huishughulisha na mkono wa mwalimu. Wala sitetei kuhifadhi pasipo kufahamu.

Nitaambiwa kwamba mtaala ni mrefu na mtihani wa taifa haungoji. Hoja hiyo naistahi, lakini kuumaliza mtaala uliokwisha kusahauliwa ni kumaliza kitu gani? Dakika tano za mwanzo wa kipindi zatosha: vitabu vifungwe, yaulizwe maswali matatu, moja la jana, moja la juma lililopita, na moja la mwezi uliopita, kila mtoto aandike jibu lake katika karatasi isiyotiwa alama, kisha majibu sahihi yatajwe papo hapo, na wale hodari wa safu ya mbele, wanaonyoosha mikono kabla swali halijakwisha, wasiachiwe kuwajibia wenzao.